Mwenye Kravati ku Dirisha ya Komunike

Kama unatafuta hadisi ya kulalisha batoto, peleka macho yako kwingine. Mimi niko na diplome ya masomo ya mangaribi, miaka ine nilisoma na bougie ya kuwaka mukono moja na usingizi mukono ingine, na muntu wa diplome hawezi kukaa chini kuandika mambo yenye hayakufika. Juu ya bintu bingine naongezaka chumvi, bibi yangu anajua. Juu ya hii, ata punje moja.

Wakati ule wa Zaire, nilikuwa mwenye kulinda madiski ku radio ya serikali, hapa Lubumbashi. Diski elfu makumi tano. Basi, tuseme elfu tatu, na zote nilikuwa nazijua sawa batoto bangu. Kila siku, saa kumi na mbili ya mangaribi, tulikuwa tunapiga saa moja ya muziki ya mbali: nusu ya kwanza jazz, nusu ya pili violon, ile fidla ya Bazungu. Unawaza bantu ba Kenya, komine yetu, mutaa ya hapa Lubumbashi, si inchi ya Kenya, balikuwa banapenda violon? Balikuwa banavumilia tu. Juu kisha violon, palepale, kulikuwa komunike za bilio: familia fulani inajulisha familia fulani, kule Kamina, kule Pweto, kama fulani amekufa. Telefone ilikuwa ya bakubwa, na mvua ikishakula barabara, barua ilikuwa inaozea mu kamiyo ya mizigo. Ni radio tu njo ilikuwa inafika. Basi violon ikianza, bamama balikuwa banafunika sufuria, balevi banatula chupa polepole ku meza, na mutoto mwenye kulia banamufunga kinywa na mukono. Kila muntu alikuwa anangojea kama leo ni jina ya muntu wake.

Sasa sikia kosa yangu. Diski ikikwaruzwa, sindano inaruka. Kwa kukumbuka, tulikuwa tunaingiza kakaratasi mu pochette, ile kartoni ya kuvalisha diski. Ukiona kakaratasi, unajua: huyu ni mugonjwa. Karatasi zilikuwa haba, tulikuwa tunatumia yenye mukono inapata. Siku moja, katikati ya trompette, sindano iliruka, Lubumbashi muzima ikasikia sawa muntu mwenye kwikwi. Nikavuta karatasi ya karibu, nikaikunja, nikaingiza mu pochette, nikarudisha ku etajere ya madiski. Karatasi gani? Sikuangalia. Njo hapo shida ilianzia.

Miezi miwili ilipita. Mangaribi moja, jazz ikiwa inaendelea, bakagonga ku dirisha ndogo, pale bantu balikuwa banaletaka komunike. Nikafungua. Muntu amesimama: koti nyeusi, shati nyeupe, na kravati, ile tai ya shingo.

Weye mwenye unavaa kravati ata kwenda kununua makala ya kupikia, hauwezi kujua. Siku zile kravati ilikuwa imekatazwa mu inchi yote. Tulikuwa tunavaa abacost, koti ya bila kravati, shingo wazi, na tulikuwa tunaitana citoyen, mwananchi. Nikamuambia:

—Citoyen, unatafuta kufungwa? Bijana ba parti ya serikali beko pale ku rond-point ya barabara. Toa ile kamba.

—Balinivalisha, yaya, mukubwa wangu. Si miye njo nilichagula.

—Nani alikuvalisha, bibi yako? Amechoka na weye?

Hakucheka. Na mimi, niamini, nachekeshaka ata bazazi siku ya kuchukua bulletin ya masomo ya batoto.

—Nakuya juu ya komunike, anasema. Barafiki bangu baliileta hapa. Haiyasomwa bado.

—Nani njo amekufa?

Jazz ikaisha, violon ikaanza. Akainamisha kichwa sawa bantu bote ba Kenya.

—Mama yangu eko Pweto. Kila mwaka naendaka kwake kuchukua samaki ya kukauka. Mwaka hii sikwenda. Kila mangaribi anakaa ku radio. Aliapa hatakula paka apate habari yangu. Namusikia anavyopumua, yaya. Anaisha.

Hapo njo nilikumbuka. Kravati za zamani bantu hawakuzichoma, balizificha mu masanduku. Zilikuwa zinatoka siku moja tu, siku ya kuvalisha maiti. Juu maiti, nani atakuya kuifunga mu gereza? Jasho ilinitoka ndoo mbili, labda tatu.

—Niambie jina yako, nikasema. Naandika ingine, tunasoma leo.

Akafungua kinywa. Hakukutoka kintu. Akafungua tena, akafunga, akafungua.

—Haiko, anasema. Jina yangu iko tu mu ile karatasi.

—Na barafiki bako?

—Nabo pia sibakumbuke.

Nikageuka kuvuta tiroir ya meza. Kurudisha macho ku dirisha, hakuna muntu.

Ni nini weye ungelifanya? Nilitafuta mu meza, mu pipa ya takataka, ata mu choo, unajua safari ya karatasi. Usiku ule sikulala. Siku ya pili, violon ikianza, eko pale. Aliniambia neno moja:

—Sasa ata maji anakataa.

Njo nikakumbuka kwikwi ya trompette. Kakaratasi. Lakini mu pochette gani? Diski za kukwaruzwa zilikuwa mingi kuliko za muzima.

Siku ya tatu, tangu asubui, nikaanza kutoa na kufungua pochette moja moja. Mama Kalumba, mwenye alikuwa anasoma komunike, muntu mwenye sauti tamu ya kukufanya utamani kufa upate kusomwa naye, alinikuta chini mu vumbi.

—Baba, unatafuta bibi wa pili mule?

—Natafuta mufu, mama.

—Usipokula, utamupata mu kioo.

Lakini alivuta kiti, akanisaidia. Kakaratasi zilianguka sawa majani: tikiti ya mupira, barua ya mapenzi yenye sitasema ni ya nani, karatasi ya dawa ya minyoo. Saa kumi na mbili ikapiga, jazz ikaanza, na sisi bado. Muntu wa kravati akafika mbele ya saa yake. Aliweka paji ya uso ku kioo.

—Leo mama simusikie, anasema.

—Amelala, nikamuambia. Amelala tu.

Nilikuwa napasula kartoni. Violon ikaanza. Ilibaki dakika kumi komunike zianze, njo nikapata: diski ya trompette, karatasi ya kukunja ine, na tampon, muhuri ya komine. Nikakimbia nayo, nikaitia juu ya zingine mu mukono ya Mama Kalumba, mwenye alikuwa ameshakaa mbele ya mikrofoni. Saa ikafika, akasoma:

—Barafiki ba Kisimba, wa komine ya Kenya, banajulisha mama yake, kule Pweto, kama Kisimba amekufa na homa, na bamemuzika vizuri. Banaomba mama alie, na kisha kulia, akule.

Ku dirisha, yule muntu aliposikia jina yake, akasimama wima. Midomo yake ikaisema polepole: Kisimba. Akashika kravati, akalegeza fundo, sawa muntu mwenye kutoka kazi. Nilitaka kucheza pale pale.

Mama Kalumba akachukua karatasi ya pili. Ilikuwa imefika saa kumi na phonie, ile radio ya kusemezana, hakukuwa mwenye aliisoma mbele. Akaanza na sauti yake tamu:

—Familia ya Pweto inajulisha mutoto wao Kisimba, mwenye kuikala Lubumbashi, komine ya Kenya...

Sauti ikakatika. Kisha akamaliza, chini chini:

—...kama mama yake amekufa jana. Afike mbio. Banamungojea yeye kwa kuzika, juu alizaa yeye mumoja tu.

Nikageuka ku dirisha. Alikuwa bado. Aliniangalia mimi, si Mama Kalumba.

—Yaya, anasema, sasa niende wapi?

Na diplome yangu yote, nilifunga tu dirisha. Akazunguka, akapita mulango ya studio yenye ilikuwa na kufuli, akakaa ku kiti karibu yangu.

Niliacha ile kazi mwezi uleule. Nilihama Kenya, nikajenga ku Annexe, pembeni ya muji, kati ya mashamba ya mihogo. Radio niliiuza. Yote kazi bule. Saa kumi na mbili na nusu ya mangaribi, saa ya violon, anaingia, anakaa ku kiti ya karibu na mulango, ananiangalia paka saa ya komunike ipite. Haombe tena kintu. Bibi yangu hamuonake, lakini anaweka sahani ya bukari, ugali yetu, mbele ya ile kiti, na asubui anaitupa vile ilikuwa.

Basi weye mwenye unasoma: muntu akikupatia jina ya mufu wake mu mukono, isome siku ileile. Usiitule ata dakika moja. Na kama unapita ku Annexe, karibu kwangu, niko na mambo mingi ya kukuchekesha. Ikiwa ni mangaribi, kaa popote unapenda. Ila ile kiti ya karibu na mulango, hapana.