Vasylyna Mpima Makanisa

Vasylyna Hordienko hakai. Ukimwekea kiti anakiegemea kwa goti, ukimpa chai anainywa akizunguka chumba, na ukimuuliza habari za nyumbani anakujibu huku macho yake yako dirishani. Kiguu na njia huyo. Miaka ishirini alipima mashamba ya watu kule Nizhyn, akiamua ugomvi wa majirani waliotaka kutoana roho kwa ajili ya nusu mita ya viazi, na waliomjua siku zile wanaapa kwamba alikuwa mtu mtulivu kabisa, tena mpenda usingizi. Vita vikaja. Sasa anapima makanisa.

Kazi yenyewe haina maajabu. Mashine ndogo, ukubwa wa mkate wa dukani, inasimamishwa juu ya miguu mitatu. Inazunguka taratibu ikirusha mwanga wa leza usioonekana, na kila mwanga unapogota inaandika umbali. Mamilioni ya nukta. Ukimaliza pembe hii unaihamishia ile. Jioni unakuwa na kanisa zima ndani ya kompyuta, kila gogo, kila ufa, kila ubao uliopinda kwa uzee. Likiungua kesho, mafundi wana pa kuanzia. Likiungua kabla hujafika, basi tena, maana makanisa yetu ya mbao huku kaskazini yalijengwa kwa shoka na jicho la fundi, na fundi alikwenda na hesabu yake kaburini.

La kijiji cha Zahirne liliungua kabla hajafika. Ilikuwa mwezi wa Aprili. Lilipangwa lipimwe Jumanne, lakini Vasylyna alikuwa na siku nne hajalala kitandani. Akaomba lisogezwe mpaka Ijumaa, akaenda kwa dada yake, akaoga, akala, akalala usingizi wa pono. Alhamisi asubuhi kombora likapiga. Hakuna mwenzake aliyemlaumu hata kwa jicho, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Tangu siku hiyo kupumzika kwake ni dhambi. Anakula amesimama, analala na soksi, na akisikia mtu anasema "tutakwenda wiki ijayo" anatoka nje.

Basi Ijumaa moja ya Juni wakaingia kijiji cha Lypivka, yeye na Panas, dereva wa kikundi chao, mtu mnene asiyejua haraka ni nini. Mizinga ilisikika kwa mbali tangu asubuhi. Saa kumi jioni mashine ilitakiwa iondoke kwenda kwa wenzao wa Sumy, na ingerudi lini, hakuna aliyejua. Lypivka ilikuwa leo au Mungu ajuaye. Nao walipofika saa nne asubuhi, wakakuta kanisa limefungwa kwa kufuli lenye ukubwa wa ngumi mbili.

Vasylyna alilizunguka mara tatu. Akapanga mipira yake myeupe ya alama, ya kuongozea mashine, kwenye nyasi, akaipangua, akaipanga tena.

"Bosi, hebu tulia," Panas akamwambia, akimenya yai. "Hata mashine ina miguu mitatu na imetulia kuliko wewe mwenye miwili."

"Kula yai lako, Panas. Ufunguo uko kwa nani?"

Ufunguo ulikuwa kwa Bibi Motria, mtunza kanisa, nyumba ya tatu. Wakamkuta kwenye viazi vyake, ameinama, anaokota wadudu wenye mistari na kuwatia ndani ya kopo. Mwanamke wa miaka themanini na moja, kitambaa kichwani, mabuti ya mpira miguuni, na ufunguo wenyewe ukining'inia shingoni kwa uzi pamoja na msalaba wake. Hakuinuka.

"Mmekuja kulipima," akasema.

"Ndiyo, Bibi. Masaa manne tu, hatugusi kitu. Padri ametupa ruhusa."

"Padri anakaa mjini. Ufunguo unakaa hapa." Akambana mdudu kwa kucha. "Rudini salama."

Vasylyna alihisi damu inampanda. Aliangalia saa, akajilazimisha kusema kwa adabu. "Tumekosa nini, Bibi?"

"Hamjakosa. Ila kwetu aliye hai hapimwi. Anayepimwa ni maiti, kwa fimbo, seremala ajue ukubwa wa jeneza, na fimbo yenyewe anazikwa nayo. Wanangu niliwaosha, niliwabeba, sikuwapima hata mara moja. La Osytnia mlilipima Machi, kweli si kweli? Halikuifikia Pasaka."

Tatizo ni kwamba Vasylyna hakuweza kumcheka. Nyanya yake mwenyewe alimnyang'anya dada mtu tepu siku alipotaka kumpima mtoto mchanga, akaitupa jikoni kwenye moto. Mambo hayo aliyanyonya na maziwa ya mama. Na usiku alipolikumbuka la Osytnia, peke yake, akihesabu tarehe, alishajiuliza swali hilo hilo, akajionea aibu.

"Bibi, tunapima yaliyo karibu na mizinga. Yanaungua kwa sababu yako karibu na mizinga. Hatuyaui, tunayawahi."

"Hata mchimba makaburi anawahi."

"Mama mzazi," Panas akaingilia, "bosi wangu huyu ni mtu mwema, ila hajui kubembeleza. Mruhusu, la sivyo atanimaliza mimi njiani."

"Wewe nenda kamalizie kula. Yai liko kidevuni."

Hapo Vasylyna akaja juu. Si kwa kelele. Sauti ilimshuka, ikakwaruza. "La Zahirne sikulipima," akasema. "Sikuliwekea hata uzi. Nililala, Bibi. Kwa dada yangu, kwenye shuka safi, nililala, na likaungua vile vile. Wanataka kulijenga upya. Fundi ananipigia kila wiki ananiuliza mlango wa mbele ulikuwa na urefu gani, kwa sababu akiupata huo ataupata na ukuta, na sina la kumjibu. Tumezikuta picha tatu tu za zamani, zote za harusi, na zote watu wamesimama wameziba mlango."

Bibi Motria akaacha kuokota. Akaliweka kopo chini, akainuka kwa awamu mbili, mkono kiunoni.

"Kwenye moja ya hizo ni mimi," akasema.

 Panas alijipangusa kidevu.

"Mimi mtu wa Zahirne. Huku nililetwa na ndoa. Mlango ule ulikuwa mfupi, mtu alipaswa aingie ameinama, na Hryhir wangu alikuwa mrefu. Tulipotoka amevimba kwa furaha, akajigonga kipaji cha uso, pa. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Akakaa mezani siku ya harusi yake ana nundu." Alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likaondoka. "Nikamwekea mkono. Hivi. Kiganja juu, chini ya boriti ya mlango, ili akigonga tena agonge mkono wangu. Kiganja kililala pale sawasawa, kiwiko kimekunjwa. Nakumbuka baridi ya ule mti."

Akauvua ufunguo shingoni, akamwekea Vasylyna mkononi. Ulikuwa na joto. "Chukua. La hapa utalipima, litakalokuwa liwe. Lakini kwanza la Zahirne. Lile limekufa, ruhusa kupimwa."

Akatembea mpaka kwenye ukuta wa banda la kuku, akavua mabuti, akasimama na soksi, kisigino ukutani. Akainua mkono, kiganja juu, kiwiko kimekunjwa, kama mtu aliyebeba sinia.

Vasylyna alitoa tepu mfukoni. Ilikuwa saa tano na nusu, mashine inangoja, mizinga inanguruma, na tepu bado hajaivuta. Aliona kitu ambacho bibi alikuwa hajakiona, au alikiona zamani.

"Bibi," akasema, "mlango haupo. Nitakayempima ni wewe."

"Najua."

"Na mgongo umepinda. Itabidi nipime paja, kiwiliwili, mkono, kipande kwa kipande, ndipo nihesabu ulivyokuwa msichana."

"Najua, binti. Nimemzika Hryhir, nimezika na wanangu wawili ambao sikuwapima. Pima."

Vasylyna akapiga magoti kwenye udongo wa viazi, akabana mwanzo wa tepu kisiginoni, akaipandisha. Bibi Motria alifumba macho. Midomo ilikuwa ikisema kitu, pengine sala, pengine jina. Panas alikuwa amegeukia barabara. Kipande kwa kipande, goti, nyonga, bega, kiwiko, mpaka juu ya kile kiganja, kisha hesabu nyuma ya bahasha.

"Mita moja, sentimita sabini na nne," akasema.

Bibi akafumbua macho. Mkono bado ulikuwa juu.

"Rudia," akasema. "Ulikuwa unatetemeka."