Vitamini Nyekundu ya Citoyen Direkta

Siku yangu ya kwanza labo nilipewa blouse nyeupe, lile koti la maabara, kisha nikaambiwa nizime taa. Nilikuwa nimetoka shule tu, enzi za Zaïre, hapa Bukavu, nikadhani wananitania. Wapi! Maisha yangu yote ya kazi nilifanya kemia gizani mchana kweupe, kwa kitaa chekundu kama cha wapiga picha.

Nyinyi vijana niwaeleze kidogo. Vitamini B12 ni nyekundu, na imebeba madini katikati yake, kobalti. Seli za uvimbe wa saratani unaokua mbio zina njaa kubwa ya vitamini hiyo. Tulitaka kufunga dawa kali kwenye ile kobalti, ili seli gonjwa imeze vyote pamoja, na seli zenye afya zisiumie sana. Wazo zuri. Lakini mwanga ukigusa kile kifungo, kinakatika. Umeme nao ukikatika, friji inapata joto, kazi ya wiki nzima inamwagwa. Tulianza upya mpaka nikachukia rangi nyekundu.

Direkta wetu, Citoyen, yaani mwananchi, kama serikali ya enzi zile ilivyotutaka sote tuitane, alikuwa mwanakemia hodari asiye na subira. Siku moja aliitwa redioni, akasema dawa yetu "inajua njia" na hainyonyoi nywele. Asubuhi yake watu wakajaa langoni. Aliyetumwa kuwarudisha ni mimi.

Kati yao alikuwa baba mmoja aliyetoka Luvungi na binti yake Furaha, taya limevimba hadi jicho linafunga.

"Maman, tunakuja kutafuta ile vitamine ya redio."

"Papa, ile dawa haiko. Hata panya hatujamupa."

"Direkta alisema iko."

"Alisema itakuwa! Peleka mutoto hospitali. Kule dawa iko, leo."

"Ile ya kule inatoaka nywele, inatapishaka. Tutangojea yenu."

Akakaa kwenye nyasi. Kesho yake alikuwa bado pale, na taya la mtoto limezidi kuvimba. Uvimbe wa namna ile haungoji mtu. Nikapanda kwa direkta.

"Citoyen Direkta, ushuke umwambie mwenyewe."

"Citoyenne, usiwakatishe watu tumaini."

"Tumaini gani? Mutoto atatufia langoni!"

Hakuinua hata macho. Nilivua blouse, nikashuka, nikamshika Furaha mkono. "Papa, ukitaka kubakia, bakia. Mimi naenda naye."

Alinifuata akinitukana njia nzima hadi hospitali, na mimi nikimjibu.

Wakamtia dawa ya zamani, ile inayopiga kila kitu. Alitapika, nywele zikaisha kichwani, na taya likanywea siku hadi siku. Alipona. Baba yake aliniletea mchele wa shambani kwake, akaniwekea miguuni. Direkta naye akarudi redioni kusema kwamba labo yake imemwokoa mtoto wa Luvungi. Hospitali hakuitaja.

Nilistaafu kabla dawa yetu haijamfikia mgonjwa hata mmoja. Sina ugomvi na hilo. Sayansi ni kazi ya polepole, na wazo lile nalipenda hadi leo. Kinachonichosha ni mdomo unaotangulia mikono. Juzi tu, soko la Kadutu, muzee mmoja alinizuia njiani: "Maman Vitamine, ile dawa ilishafika?"

Nilitaka kumfokea. Nikashusha kikapu changu, nikamwuliza ni nani anayeugua.