Arusi Iliyofungwa Wakati wa Amani

Brunoro mwashi alizaliwa upande wa juu wa Castel Morra, na katika miji ya Romagna, huko Italia, mtoto wa upande wa juu huwa amekwisha kurithi maadui kabla hajaota meno. Upande wa chini walikaa akina Corsetti. Nani alianza kumuua mwenzake, hakuna aliyekumbuka. Babu yake Brunoro alichomwa kisu akitoka kanisani. Baba yake akalipiza, akafia ukimbizini milimani.

Kisha akaja Mtawala, mtoto wa Baba Mtakatifu, na jeshi lake. Bwana wa zamani wa mji akatoroka. Watu walingoja kuporwa, wakaletewa mahakimu. Wanyang'anyi walinyongwa bila kuulizwa ukoo, na wachuuzi wa chumvi wakaanza kupita njia kuu wakiimba. Brunoro akapewa kazi ya kujenga nyumba ya mahakama uwanjani. Mchanganya chokaa wake alikuwa Tebaldo, kijana wa Corsetti.

Mwanzoni walifanya kazi kama mabubu. Siku moja jukwaa la kujengea likateleza, na Tebaldo akamdaka Brunoro mkono akiwa ananing'inia hewani.

"Ungeniacha tu nianguke," Brunoro alisema akihema. "Wajomba zako wangekuchinjia nguruwe."

"Nguruwe wenyewe mifupa mitupu, Mzee. Hasara ningepata mimi."

Brunoro akacheka mpaka akashika mbavu. Tangu hapo wakawa wanakula pamoja mkate uliookwa kigaeni na jibini, na Fiordalisa, binti yake Brunoro, ndiye aliyewaletea chakula. Ukaribu wa pua na mdomo huo. Haukupita muda, Tebaldo akaja kuposa.

Oddo, mdogo wake Brunoro, alipandwa na hasira. "Kaka, umerogwa? Mtoto wetu unampa Corsetti?"

"Mambo hayo yamekwisha. Siku hizi kuna sheria."

"Sheria ya nani? Nguvu zote za huyo Mtawala wako zimo ndani ya pumzi za mzee mmoja kule Roma. Kiti cha Baba Mtakatifu hakirithiwi na mwana. Mzee akikata roho, kijana atabaki na nini?"

"Atabaki na sisi," Brunoro alijibu.

Fiordalisa mwenyewe aliogopa. "Baba, una hakika?" Brunoro akamshika mabega, akamwambia, "Yamekwisha, mwanangu. Olewa kwa amani." Siku ya arusi upande wa juu na wa chini walicheza uwanja mmoja, ingawa Oddo hakutokea.

Mwaka uliofuata, katika joto la Agosti, Baba Mtakatifu akafa kwa homa. Mwanawe naye alikuwa kitandani, hawezi hata kupanda farasi. Castel Morra haikumtupa. Brunoro na mkwewe walilinda ukuta bega kwa bega, vuli yote, chini ya bendera ya mtu ambaye hawakujua kama yu hai. Lakini akachaguliwa Baba Mtakatifu mwingine, asiyeupenda ukoo wa Mtawala, na habari zikafika kwamba Mtawala amewekwa kizuizini. Mahakimu wakapakia mizigo juu ya nyumbu wao, wakaondoka. Bwana wa zamani akarudi, na waliomfungulia lango ni walewale waliowahi kumshangilia Mtawala.

Kesho yake asubuhi watu wa juu walishuka na visu. Nyumba ya Tebaldo ikachomwa. Fiordalisa alimleta mumewe kwa Brunoro akivuja damu, mkono wa kulia umekatwa mishipa. Brunoro akawaficha chini ya magunia ya chokaa, kisha akaenda kusimama mlangoni.

"Yuko wapi?" Oddo aliuliza.

"Simjui unayemtaka."

"Nilikwambia, Kaka. Nilikwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia."

Oddo akatema mate chini, akaondoka na wenzake. Giza lilipoingia, Brunoro aliwapitisha vijana ukutani waende Ravenna, mji uliotawaliwa na Wavenisi. Fiordalisa alikuwa na mimba. Hakulia. Alisema tu, "Baba, uliniambia yamekwisha."

Nyumba ya mahakama ikafanywa zizi la farasi. Miaka ilipita, na kilabuni watu walipobishana kama dola lile lingeweza kudumu, walimgeukia Brunoro.

"Lingedumu," alisema safari moja, "kama yule mzee angeishi miaka kumi zaidi. Wajukuu wa juu na wa chini wangekuwa damu moja. Nani angemchinja nduguye?"

"Na kama angeishi ishirini?" mwenye kilabu akamtania.

Brunoro aliinamia kikombe chake. "Labda Oddo ndiye aliyesema kweli. Dola gani hilo linaloangushwa na homa? Lakini sisi tulilitaka, jamani. Tulilitaka kweli."

Alifika Ravenna mara moja tu, uzeeni. Tebaldo alikuwa akiuza samaki wa mtoni kwa mkono wa kushoto. Alimkumbatia mkwewe, akamtania mvi zake. Fiordalisa alimpikia, akamwosha miguu, akamwonyesha mjukuu wake, msichana mrefu mwenye lafudhi ya Kivenisi. Alimtendea kila jambo ambalo binti humtendea baba. Brunoro alikaa siku chache akingoja aambiwe abaki. Hakuambiwa, naye hakuona kwa uso gani angeomba.