Ufa Niliouficha kwa Rangi

Ipo Jumanne moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho naiona kama jana. Nilikuwa fundi wa magurudumu hapa Ruring'u, umri miaka ishirini na mitatu, mikono yenye nguvu na mdomo wenye nguvu kuliko mikono. Nilikuwa nimetangaza kwa kila mtu kwamba hakuna rimu iliyopinda ingenishinda. Debe tupu, wanasema, haliachi kuvuma.

Asubuhi hiyo alikuja Parsaloi, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Doldol. Pikapu yake ilikuwa ikitetemeka usukani tangu iingie kwenye shimo barabarani. Alikuwa na mkewe na mama yake mzee, ambaye walikuwa wamemleta mjini kutibiwa macho. Niliinua gari kwa jeki, nikazungusha gurudumu la mbele huku nimeshikilia waya karibu na ukingo. Rimu ilikuwa ya aloi, ile metali nyepesi ya mchanganyiko, nayo haikuwa duara tena: kila ikizunguka iliugonga waya mahali pale pale.

Mwajiri wangu, Mzee Gathogo, alikuwa ameenda Karatina kununua vipuri. Alishanikanya mara nyingi: chuma cha kawaida ukikinyoosha kitakusamehe, lakini aloi ina kinyongo, ukiitia moto na kuipiga nyundo, itakupasukia siku umeshasahau. Mimi nikaitia moto. Nikaigonga. Ikarudi duara, naam, lakini kwenye mkono mmoja wa rimu ukatokea ufa mwembamba kama unywele.

"Fundi, itapona?" Parsaloi aliuliza kutoka nje.

"Imeshapona," nikajibu.

Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba, mwanangu, kwa fila, ile dawa nzito ya kujazia mibonyeo ya bodi, kisha nikapaka rangi ya fedha juu yake. Wakati wa kuondoka yule mama mzee alinitemea mate kiganjani, maana ndivyo watu wa kwao wanavyobariki, nami nikaipokea baraka ile bila haya.

Hata saa moja haikupita, Mzee Gathogo akarudi. Akaliona kopo likiwa wazi mezani.

"Hii fila inatafuta nini kwa kazi ya rimu?"

Akavua kofia yake.

"Iko ufa?"

"Iko, mzee."

Nilingoja kofi. Halikuja. "Pikipiki ndiyo hiyo," alisema. "Beba stepni ya pikapu yangu, matundu ya nati yanalingana. Utamfuata hata kama amefika Doldol, na utamwambia kwa mdomo wako. Usimwambie ati mimi nimekutuma."

Nikafunga gurudumu lile la akiba nyuma kwa mpira, nikatoka. Mvua ilinipata Kiganjo. Kufika Naro Moru sikuhisi tena vidole. Siku hizo simu za mkononi hatukuwa nazo. Mtu ulimfuata kwa macho na kwa kuuliza. Nanyuki, muuza chumvi ya mifugo akaniambia wametoka kwake sasa hivi. Nikashika njia ya Doldol, na kila kona nilichungulia mtaroni kwanza, nikiogopa kuona magurudumu yametazama juu. Sikurudi nyuma. Nilikuwa nimeapa kwamba kama ni kuwakuta wazima au vinginevyo, nitawakuta.

Hatimaye nikaliona vumbi lao. Nikapiga honi mpaka wakasimama. Parsaloi akashuka akitabasamu.

"Tumesahau kitu?"

"Hamkusahau kitu. Ni mimi niliwaficha. Rimu iko na ufa."

Mama yake akatoa kichwa dirishani. "Ulikuwa unajua wakati ulituaga?"

"Nilijua, mama."

Hakuna aliyenitukana, na heri wangenitukana. Tulipotoa gurudumu, fila ilikuwa imebanduka, na ufa umetambaa hadi kwenye tundu la nati. Parsaloi akaingiza ukucha ndani yake. "Huko mbele kuna mteremko," akasema, basi. Nilipoishika spana ili nifunge ile stepni, akaichukua mkononi mwangu, akazikaza nati zote mwenyewe.

Mwaka mzima, kila alipokuja gereji alimwulizia Mzee Gathogo, si mimi. Sikulalamika. Nilijifunza kutafuta ufa kwa mafuta ya taa na unga wa chaki, ambao hulowa palipo na ufa, na kila rimu iliyopasuka niliikata kwa msumeno mbele ya mwenyewe, asije mwingine akaipaka rangi. Siku Parsaloi aliponikabidhi gurudumu lake tena, nilianza na mafuta ya taa na chaki kabla ya kugusa spana.

Basi nakuambia hivi, mwanangu. Kazi ikikushinda, sema imekushinda kabla mwenye gari hajawasha injini. Na kama umeshakosa, usikae ukiomba gurudumu lishikilie, funga safari. Njia ya kumfuata mtu na ukweli huonekana ndefu, lakini ni fupi kuliko ya kulifuata jeneza lake.

Mungu akupe mikono mizuri na ulimi usioogopa. Wote watakaopanda gari lililopita mikononi mwako wafike kwao, asipungue hata mmoja.