Gundi ya Milango kwenye Mtutu

Shemeji yangu ni seremala, na milango yake yote pale Kimuli kila masika inagoma kufungwa. Watu wanaipiga mateke, wanaisukuma kwa mabega, halafu Jumapili wanamwita fundi. Fundi! Mimi nilikuwa askari wa wanyamapori miaka mingi kabla ya kurudi Bugene kulima migomba na kahawa, na yule mtu hata mwiko wa kusongea ugali nisingemwagiza.

Basi kosa langu ni kumpelekea bunduki. Ninayo moja ya leseni, na kitako chake kilipata ufa nilipoanguka na bodaboda. Nikaona aibu kumpita mume wa dada yangu mdogo na kutafuta fundi mwingine. Nikamwambia, "Shemeji, ziba huo ufa tu." Nikakaa nje na dada, nikaletewa glasi ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, tukaulizana habari za nyumbani. Niliporudi karakanani nilikuta mwanya wote kati ya mtutu na ubao ameujaza unga wa mbao na gundi, kama anavyoziba nyufa za milango.

"Palikuwa na nafasi, shemeji," akasema. "Kitu chenye nafasi kinacheza, na kinachocheza ni kibovu."

Mungu wangu! Ule mwanya niliuchonga mwenyewe, kwa mikono yangu. Bunduki hukazwa tumboni, pale risasi inapokaa. Hapo chuma kilalie ubao sawasawa, kisitikisike hata kidogo. Mtutu wenyewe unaachwa huru, karatasi ya daftari ipite chini yake bila kukwama. Ukiubana kwenye ubao, ubao ndio utakaokuchagulia pa kupiga, na ubao hunywa maji. Nilimweleza yote hayo taratibu kama mtoto wa chekechea. Akanitazama kwa huruma, eti mimi ndiye nisiyejua mbao.

Kilikuwa kiangazi. Gundi ilipokauka tukaenda kwenye kichuguu, nikapiga risasi tatu, zote zikaingia mahali unapoweza kufunika kwa kiganja. Weee! Kimuli nzima ilitangaziwa kwamba amemtengenezea askari bunduki. Watu wakanisimamisha njiani kunipa hongera kwa kuwa na shemeji wa namna ile.

Kuukwangua uchafu ule ni kazi ya asubuhi moja, msasa na subira tu. Sikuukwangua. Niliuacha makusudi. Nilijisemea, mvua zije, ubao uvimbe, aumbuke mbele za watu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Mvua zikaja, na mbogo naye akaja, dume zee lililofukuzwa na wenzake. Akaingia kwenye kibanja cha dada, kati ya migomba, akakaa siku tatu. Dada hakuchuma kahawa wala kukata ndizi. Hata kwenda chooni alikuwa akisindikizwa. Ofisi ya wanyamapori ikanipa ruhusa, nikaenda. Kabla ya kuingia kibanjani nikajaribu kupitisha karatasi chini ya mtutu. Haikuingia hata ncha. Ningeweza kusema tungoje nikwangue, au tuwaite askari wenye bunduki nzima. Lakini shemeji alisimama nyuma yangu na wanaume sita, kakunja mikono kifuani, anawaambia, "Mtaiona kazi yangu."

Nikasema moyoni, naam, wataiona.

Zilikuwa hatua kama mia na hamsini. Nililenga bega, risasi ikaingia tumboni. Na niseme ukweli, kwa pumzi moja nilifurahi. Niligeuka nimtazame shemeji usoni, nione alivyoumbuka.

Wakati ninamtazama, mbogo alikuwa ameshapasua kahawa kuelekea jikoni, na dada alikuwa ametoka mlangoni kuchungulia kama mnyama amekufa. Mbogo alimrusha juu kama gunia tupu. Nilimpiga mnyama risasi ya pili kwa karibu sana, hata mtutu wa namna ile usingeweza kukosa.

Dada alilazwa hospitali ya Nyakahanga, paja limevunjika. Shemeji alilia kando ya kitanda mbele ya manesi, "Ni gundi yangu, ni ujinga wangu." Nikamdharau hata kwa machozi yale, mwanamume mzima! Nikamwacha abebe lawama zote. Dada akamtuma akalete uji. Shemeji alipotoka, dada akanigeukia.

"Kaka, yeye hakujua. Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kiangazi."

Hakulia wala hakunitukana, na heri angenitukana. Aligeuza uso ukutani akasema, "Akirudi, umwambie mwenyewe."

Shemeji akarudi na chupa ya uji na vikombe viwili. Akamimina cha dada, akakiweka karibu na mkono wake. Cha pili hakukinywa yeye. Alinipa mimi, kwa mikono miwili, kapiga goti kidogo. "Shemeji," akasema, "nisamehe."

Nikakipokea. Nikanywa chote, dada akiwa bado anatazama ukuta.