Breki Inashika

Mwaka nilipomaliza shule ya ufundi niliajiriwa kukagua malori kwenye machimbo ya mawe upande wa Handeni, si mbali na Sindeni. Vita ilikuwa imekwisha miaka michache nyuma, na malori yetu yalikuwa yale yale ya jeshi, yamepakwa rangi mpya juu ya rangi ya zamani. Yalipeleka mawe Korogwe, ambako barabara ilikuwa inatengenezwa. Kazi yangu ilikuwa kulizunguka kila lori kabla halijatoka asubuhi, karatasi mkononi: tairi, maji ya rejeta, oili, usukani, honi, breki. Lori ambalo sikulitia alama ya vema kwenye mistari yote halikuruhusiwa kuvuka kizuizi.

Karatasi hiyo ilikuja kwa Kiingereza. Mzungu msimamizi alinitaka niigeuze iwe Kiswahili, nami nilitumia Jumapili nzima kupima kila neno. Kwenye breki niliandika: "Breki inashika?" Niliupenda mstari ule. Ulikuwa mfupi, na hakuna dereva ambaye angeniuliza maana yake.

Mimi tangu utotoni ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Wiki yangu ya pili kazini nilisimamisha lori lililokwisha kupakiwa kwa sababu nilisikia kitu kikigonga chini. Mafundi wakalala chini ya lori, wakafungua hiki na kile, mpaka mmoja akainua kiti cha dereva na kutoa birika la chai. Kuanzia siku ile nikaitwa Bwana Birika. Hata mpishi aliniita hivyo. Kwa hiyo nilijifunza kufupisha maswali yangu, na nikisikia jambo la kunitia shaka, nilijiambia: hilo ni birika tu.

Mwenye birika lile alikuwa dereva wetu mkongwe kuliko wote, Mzigua wa Misima, aliyewahi kuendesha malori ya jeshi. Mimi natoka milimani, Usambara, na kwa utani wa makabila yetu hakuniacha nipumue.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia asubuhi ninayoikumbuka.

"Marahaba, Bwana Birika. Nyie watu wa milimani mnaamka na baridi yenu mnatuletea sisi huku?"

Vibarua sita waliokuwa wamekaa juu ya mawe yaliyopakiwa lorini walicheka. Hao walikwenda naye kila siku kushusha mzigo Korogwe. Nilizunguka lori, nikagonga tairi, nikachungulia rejeta. Nikafika kwenye ule mstari wangu.

"Breki inashika?"

Alikuwa ameweka mkono juu ya gurudumu la nyuma. Akanitazama, akavuta pumzi. "Inashika," alisema. "Tangu jana inashika."

Nikatia vema. Aliitazama ile alama, akanitazama tena mimi, kisha akapanda. Ile pumzi aliyovuta niliisikia, na kichwani nikasema: birika.

Saa nzima ilikuwa imepita tangu lori liondoke nilipokwenda ofisini kupeleka karatasi. Mvua zilikuwa zimeanza na mbao zilikuwa zimevimba. Nilisukuma mlango, haukufunguka. Nikasukuma tena. Karani akapiga kelele kutoka ndani:

"Tia bega! Mlango huo unashika!"

Nilisimama pale mkono ukiwa kwenye kitasa. Unashika. Mlango unaoshika ni mlango usioachia. Na breki ambayo tangu jana inashika? Breki nzuri, nani atakwambia kwamba tangu jana ni nzuri? Mzee hakuwa amejibu swali langu. Alikuwa ananieleza ugonjwa. Breki yake ilikuwa imeng'ang'ania gurudumu, haiachii hata akiondoa mguu. Breki ya namna hiyo hujisugua njia nzima mpaka ipate moto, na ikishapata moto haisimamishi kitu. Kabla ya Korogwe kuna mteremko mrefu unaoshuka kuelekea mtoni. Lori limejaa mawe, na juu ya mawe watu sita.

Nilikimbia gereji. Fundi mkuu alikuwa anakunywa uji.

"Lile lori la mzee," nilisema, "breki yake inashika!"

"Si vizuri?"

"Inashika haiachii!"

Akaweka kikombe chini. Hakuniita Birika. Alichukua jeki na sanduku la spana, tukapanda gari dogo la gereji.

Njia ile sijawahi kuiona ndefu namna ile. Tulipita Sindeni, watu wako mashambani wanapalilia, na kila aliyeinua kichwa kututazama nilidhani ana habari. Nilihesabu makosa yangu. Kama nisingeogopa kuchekwa ningemuuliza, inashika vipi? Kama ningeuzingatia ule mkono wake pale gurudumuni. Kama Jumapili ile ningeandika neno jingine. Nilianza kufikiria wale vibarua sita mmoja mmoja, nani ana mke, nani ana mama Korogwe, mpaka fundi akaniambia, "Kijana, unatetemesha kiti. Tazama barabara, utazame kama kuna alama za kuburuza."

Hapakuwa na alama. Hilo nalo lilinitisha, maana gari lisilo na breki haliburuzi.

Tukakata kona ya mwisho kabla ya mteremko, na lori likawa pale. Limesimama pembeni, mawe makubwa yamewekwa mbele ya magurudumu. Vibarua wote sita walikuwa wamekaa kwenye nyasi. Niliwahesabu mara mbili. Mzee alikuwa amechuchumaa karibu na gurudumu la nyuma, na birika lake liko juu ya mafiga matatu, linachemka.

Nilishuka, nikakaa chini hapo hapo barabarani.

"Bwana Birika!" aliita. "Una mahindi? Lete tuchome, moto tayari."

Alinyunyiza maji kidogo kwenye gurudumu. Yakalia chaa, yakapotea. Harufu ya kuungua ilikuwa imejaa hewani.

"Lori lilikuwa zito kwenye tambarare kama linapanda," akamwambia fundi. "Kisha nikasikia harufu. Nikasema, mteremko huu sishuki."

"Mzee," nilisema, "mbona ulitoka nalo?"

Akageuka, na safari hii hakutania. "Mimi nilikwambia inashika. Wewe ukaandika vema. Mimi sijui kusoma, lakini vema naijua. Nikasema, kijana amesoma, amesikia, ameona si kitu. Ningebishana na karatasi?"

Mimi nilikuwa nimemwamini kwa sababu ya umri wake, naye ameniamini kwa sababu ya kalamu yangu, na lori likapita katikati yetu.

"Nilidhani unasema ni nzima," nilimwambia mwishowe.

Mabega ya mzee yakaanza kucheza. Akacheka mpaka akashika gurudumu, akakumbuka lina moto, akaruka. Vibarua nao wakaangua kicheko, na fundi, na mimi pia nikacheka, machozi yakinitoka, wala sikujali nani ananiona. Akanimiminia chai. Ndipo nikahisi njaa kali.

Fundi alifungua gurudumu, akalegeza breki, lori likapeleka mawe Korogwe, na jioni likarudi salama bila mzigo wowote isipokuwa wale watu sita wakiimba.

Asubuhi iliyofuata karatasi yangu ilikuwa na mstari mmoja zaidi, nimeuandika kwa mkono chini ya ule wa breki.

"Shikamoo, mzee. Breki inashika?"

"Marahaba. Inashika."

"Inaachia?"

Mzee alikuwa amekwisha kuinua lori kwa jeki, gurudumu la nyuma likining'inia. Akalisukuma kwa kidole kimoja. Likazunguka, likazunguka, bila sauti, nasi tukasimama tunalitazama mpaka liliposimama lenyewe.

"Andika," akasema.

Nikatia vema.