Mama alirudi kutoka Hospitali Kuu akakuta majirani wameshamwekea matanga

Wakuu, salaam kutoka Likasi. Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe wiki hii, wala sijatia chumvi. Bado nina furaha.

Mama yangu ana kansa ya titi. Chemo alikuwa anafanyiwa kwenye kakliniki kadogo karibu na soko. Manesi walimpenda, naye aliwapenda.

Shida ilikuwa moja. Maabara iko Hospitali Kuu. Kwa hiyo kila mzunguko wa chemo nilibeba damu yake mfukoni, napanda pikipiki, nasubiri majibu, narudi mbio. Nusu siku imeisha na dawa haijaanza.

Basi tukatangaziwa kwamba huduma yote ya kansa inahamia Hospitali Kuu. Mama akagoma kabisa.

"Minye siendi kule. Kule bantu banaendaka kufwa."

Yaani watu huenda kule kufa tu. Nisiwafiche, hata mimi nililalamika sana. Mtaani kwetu Kamatanda mtu akipelekwa Hospitali Kuu ujue mambo yameshaharibika, maana watu huanza na kila tiba nyingine kwanza, hospitali mwisho. Lakini Mama alikuwa amebakiza dozi mbili, na daktari alisema wazi kwamba akiziacha, uvimbe utarudi.

Nilimbembeleza siku tatu. Akakubali kwa hasira.

Tukafika asubuhi. Damu ikachukuliwa, na maabara ni ghorofa moja tu chini! Hata chai sijamaliza, majibu haya hapa. Nilitaka kumkumbatia yule mtu wa maabara.

Dripu ikaanza. Dakika chache tu, Mama akaanza kutetemeka, pumzi inakata. Nesi akafunga dripu, akapiga kelele, na daktari wa dharura akatokea korido ya pili akikimbia. Oksijeni, sindano, vyote vipo. Kule kwenye kakliniki tungekuwa bado tunatafuta gari.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwa woga nikampigia jirani yetu Mama Ngoie, kiongozi wa akina mama wa mtaa: "Mama iko Hôpital Général, hali iko mubaya. Muombe sana." Kisha simu ikazima, chaji imekwisha.

Mama alitulia. Wakairudisha dawa polepole, akamaliza dozi, wakamwangalia mpaka jioni, tukaruhusiwa.

Tunafika nyumbani, jua bado lipo. Uani kuna turubai, viti vya kukodi, moto, sufuria la bukari, ugali wetu, na akina mama wamekaa chini wanaimba nyimbo za msiba.

Mama akasimama mlangoni. "Nani alikufwa?"

Mama Ngoie akainuka. "Ni weye."

Wakuu, kumbe simu yangu ilipozima walidhani ameshakufa. Mama alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha waombolezaji wake. Kisha akaagiza bukari. Baada ya chemo huwa hali kitu, siku hiyo alikula!

Watu walipopungua, Mama Ngoie akabaki. Akaushika mkono wa Mama, akauweka chini ya kwapa lake mwenyewe.

"Minye pia iko na kintu hapa. Ni miezi mingi. Niliogopa kule. Nilisema nikienda, sitarudi."

Mama akaacha kutafuna. "Minye nimerudi, unaniona. Kesho asubui tunaenda, minye na weye."

Nilichojifunza: kwanza, ukimpeleka mzazi hospitali, chaji simu. Pili, nilipiga kelele kuhusu huduma kuhamishwa bila kujua napinga kitu kitakachookoa pumzi ya mama yangu. Nimekoma.

Naandika haya nikiwa kwenye benchi la korido. Mama Ngoie ameingia kwa daktari sasa hivi, na Mama amekaa mlangoni ameshika mkoba wa mwenzake. Kila anayepita, Mama anamwambia, bila hata kuulizwa, "Ingia tu, bantu banarudi."

Kwenu je, huduma kama hizi zimehamishiwa wapi, na wazee wenu wanakubali kwenda? Nipo hapahapa, nasoma kila mtakachoandika.